Dhima Yenye Kikomo: Kivumishi "limited" katika Lugha na katika Majina ya Kampuni

Kivumishi cha Kiingereza "limited" kimetokana na kitenzi chenye maana ya kuweka mpaka, na mzizi wake wa mbali ni neno la Kilatini limes, yaani mpaka. Umbo lake ni la kutendwa: kinasema kwamba kitu kimewekewa mpaka. Kwa hiyo msomaji hana budi kuuliza kila anapokutana nacho: ni nini kilichowekewa mpaka, na ni nani aliyeuweka?

Katika matumizi ya kawaida jibu huwa karibu. Muda ukitajwa kuwa "limited", haumaanishi tu kwamba ni mfupi. Maana yake ni kwamba una mwisho usioweza kuvukwa. Nafasi zikiwa "limited" katika chuo, zinaweza kuwa mia tano, lakini ya mia tano na moja haipo. Hapo ndipo kivumishi hiki kinapotengana na "-chache". Kikifuatwa na "to", kinataja wazi mahali mpaka ulipo: haki iliyo "limited to" wanachama haimhusu mwingine yeyote. Kikisemwa juu ya mtu, kinatia dosari akili au uwezo wake, sawa na neno limité la Kifaransa, na mwandishi mwenye adabu hukiepuka.

Jamaa zake wa karibu ni wawili. "Restricted" huhusu kanuni: eneo la mgodi ambalo mtu haingii bila kibali. "Finite" huhusu kilicho na mwisho kwa asili yake, kama shaba iliyo chini ya ardhi ya Katanga, ambayo hakuna sheria iliyoipangia mwisho ila itakwisha. "Limited" hukaa katikati na hukubali hali zote mbili, ndiyo maana wanafunzi hukitumia kupita kiasi.

Ugumu wa kweli uko katika majina ya kampuni. Mwaka 1899 Mskoti Robert Williams aliandikisha mjini London kampuni ya Tanganyika Concessions Limited. Ndiyo iliyopata haki ya kutafuta madini Katanga, na mwaka 1906 ikawa miongoni mwa waanzilishi wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ambayo mji wa Lubumbashi, wakati huo Elisabethville, ulikua kando yake kuanzia 1910. Anayelisoma jina la Tanganyika Concessions Limited kama maelezo ya ukubwa au ya eneo hupotea kabisa, kwani shughuli zake zilienea katika sehemu kubwa ya Afrika ya Kati. Kivumishi kimewekwa mwishoni mwa jina, lakini hakiielezi kampuni. Kinaeleza nomino iliyoachwa: dhima ya wenye hisa.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1855 ndiyo iliyolazimisha neno "Limited" liwe la mwisho katika jina la kampuni ya namna hiyo. Kabla yake, kwa kawaida mdai wa kampuni aliweza kufuata mali binafsi za wanachama wake, hata nyumba zao. Baada yake, mwenye hisa alipoteza kile tu alichoahidi kutia. Neno lilikusudiwa kumwonya anayekopesha, si kumsifu mwenye kampuni. Tuchukue mfanyabiashara aliyetia dola 5,000 katika kampuni inayokuja kudaiwa dola 80,000: hasara yake inaishia katika zile 5,000, wakati kampuni yenyewe inabaki na deni lote. Dhima ya kampuni haina kikomo. Chenye kikomo ni dhima ya watu walio nyuma yake.

Kifaransa cha sheria, kinachotumika katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hakiiachi nomino hiyo: husema société à responsabilité limitée. Hata hivyo kuna mtego mwingine. Kabla ya nchi kuingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, mwaka 2012, herufi SARL nchini Kongo zilimaanisha kampuni ya hisa yenye dhima yenye kikomo, na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipogeuzwa kutoka shirika la umma ilichukua umbo hilo. Kampuni ndogo ya watu wachache iliitwa SPRL. Chini ya OHADA, SARL ndiyo kampuni ya aina hiyo ya pili, na kampuni ya hisa ni SA. Anayetafsiri hati za zamani na mpya bila kuangalia tarehe atachanganya mambo.

Tafsiri inayofaa kwa Kiswahili ni "kampuni ya dhima yenye kikomo". "Kampuni yenye kikomo" haifai, kwa sababu inarudisha kosa lile la kukihusisha kivumishi na kampuni. Jina rasmi lenyewe halitafsiriwi: ankara ya kampuni ya Zambia iliyovuka mpaka wa Kasumbalesa huandikwa na "Limited" yake ilivyo, kwa maana hilo ni sehemu ya jina lililoandikishwa.

Mpaka huo wa dhima, hata hivyo, unaweza kuvunjwa na mwenye hisa mwenyewe. Benki ikimtaka mwenye kampuni aweke dhamana binafsi kwa mkopo, na akatia sahihi, nyumba yake imerudi katika hesabu ya deni hilo, japokuwa jina la kampuni halikubadilika hata herufi moja. Meneja aliyetenda udanganyifu naye anaweza kudaiwa kwa mali yake. Anayesoma "limited" katika mkataba anapaswa kusoma pia karatasi zilizoambatanishwa nao.