Mtambo Uliokataa Kuwaka

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo lililo dogo machoni pa watu, lakini laweza kuleta huzuni katika ushirika. Nalo ni ule mtambo wa kuchanganya sauti unapokataa kuwaka.

Mnaujua mtambo huo. Ni ile meza yenye vitufe vingi, ambapo sauti ya mhubiri, ya kwaya na ya kinanda hukutana kabla ya kupelekwa kwenye vipaza sauti. Mitambo ya dijitali ina kompyuta ndani yake. Kampuni ya Yamaha ilitoa mtambo uitwao 02R mwaka wa 1995, na baadaye ikatoa midogo zaidi kama 01V na 01V96. Mitambo ya namna hii hudumu. Huuzwa mara ya pili na ya tatu, na kanisa laweza kuupata ukiwa umekwisha kufanya kazi miaka mingi mahali pengine.

Basi na tufikiri ushirika mmoja, Jumapili asubuhi. Kijana anayeuangalia mtambo anabonyeza swichi. Taa inawaka, lakini kioo ni kitupu. Kwaya imesimama tayari. Mzee mmoja anauliza, "Nani aliugusa jana?" Macho yote yanamgeukia kijana yule. Kabla ibada haijaisha, wako waliokwisha kusema kwamba ameuharibu, na wako wanaosema utupwe, ifanywe harambee, ununuliwe mwingine.

Ndugu zangu, hukumu hizo mbili zimetolewa kabla ya ushahidi kuletwa. Fundi mwema hafanyi hivyo. Yeye huuliza kwanza, tena huuliza kwa utaratibu, akianza nje na kwenda ndani.

Swali la kwanza ni hili: je, umeme unafika? Chomeka taa katika soketi ile ile uone kama itawaka. Badilisha waya wa umeme, utumie mwingine ulio mzima. Tukumbuke pia kwamba plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani yake. Fyuzi ikiungua, weka nyingine ya kiasi kile kile. Ikiungua tena, usitafute iliyo kubwa zaidi, wala usiizungushie waya. Fyuzi hiyo inakuonya, na anayeziba mdomo wa mwenye kuonya hujiletea moto.

Swali la pili: je, mtambo umekufa kweli, au ni uso wake tu uliofifia? Mitambo mingine ina kisu cha kuzungusha cha kuongeza au kupunguza weusi wa maandishi kiooni. Mkono wa mtu ukikipitia bila kujua, kioo huonekana kitupu. Kizungushe taratibu. Kisha bonyeza vitufe: kama taa zake zinaitikia, akili ya mtambo ingali hai, na ugonjwa uko katika kioo peke yake.

Swali la tatu: je, kuna kitu cha nje kinachouzuia? Zima, uchomoe waya zote isipokuwa ule wa umeme. Kama kuna kadi ya ziada iliyochomekwa nyuma, itoe, mtambo ukiwa umezimwa. Washa tena. Ukiwaka, rudisha vitu hivyo kimoja kimoja. Anayebadilisha vitu vitano kwa pamoja hatajua kamwe ni kipi kilichoponya.

Swali la nne ni la kumbukumbu. Ndani ya mitambo hii mna betri ndogo ya mviringo ya volti 3, ambayo hutunza mipango yote mtambo unapozimwa. Betri hiyo haidumu milele. Inapochoka mtambo huonya kiooni, lakini mara ngapi tumeliona onyo kama hilo tukalipita kwa sababu kwaya inasubiri! Ikifa kabisa, kumbukumbu hujaa maneno yasiyo na maana, na mtambo unapoyasoma wakati wa kuwaka huweza kuganda. Dawa ni kubadilisha betri, kisha kuufuta mtambo urudi ulivyotoka kiwandani. Kwa 01V96 hushikwa kitufe cha STORE cha sehemu ya Scene Memory wakati wa kuwasha, ndipo mtambo unauliza kama unataka kufuta kweli. Mitambo mingine ina njia yake, nayo imeandikwa katika kitabu cha maelezo. Lakini angalia: kufuta huondoa kila mpango uliowekwa. Ndiyo maana yafaa nakala ihifadhiwe katika kompyuta mapema, mtambo ungali mzima.

Kama hayo yote hayakusaidia, twafikia sehemu inayougawa umeme ndani. Huko mna kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotuliza umeme. Kwa joto la miaka mingi hukauka, na vingine huvimba kichwani. Akili ya mtambo ikihitaji volti 5 na kupewa 4 tu, haiwezi kuamka. Mtambo unaokataa asubuhi ya baridi, kisha ukakubali baada ya kuwashwa mara tatu nne, mara nyingi unalalamika juu ya kapasita zake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hapa nawaonya kwa upendo. Umeme wetu ni wa volti 240, na sehemu hiyo huweza kushika volti zaidi ya 300 hata baada ya plagi kuchomolewa. Mtu asiyefundishwa asifungue. Mpeni kazi hiyo fundi anayeijua, naye apewe karatasi yenye kueleza yote mliyokwisha kujaribu. Karatasi hiyo itampunguzia fundi saa nyingi, na kanisa shilingi nyingi.

Sasa tumrudie yule kijana. Je, yeye ndiye aliyeikausha kapasita kwa miaka ishirini? Je, yeye ndiye aliyeichosha betri? Mara nyingi kosa lilianza kabla yeye hajazaliwa, naye alikuwa tu mtu aliyekaa karibu siku lilipoonekana. Betri ile hununuliwa kwa fedha kidogo dukani. Lakini kijana aliyeaibishwa mbele ya kusanyiko, akaacha kuja, mtamnunua wapi mwingine?

Nawasihi wazee wa kanisa, jambo linapoharibika, swali la kwanza lisiwe "Nani?" Liwe "Nini?" Wekeni daftari kando ya mtambo, iandikwe siku betri ilipobadilishwa na kila onyo lililotokea. Mtambo upimwe siku ya juma, si Jumapili watu wakiwa wameketi. Na zaidi ya yote, mketini pamoja na kijana wenu, mkamwulize anachohitaji.

Na kama Jumapili ijayo mtambo ungali kimya, msivunjike moyo. Waketisheni watu karibu karibu, mhubiri ainue sauti yake, na kwaya iimbe bila umeme. Mungu aliyewasikia baba zetu chini ya miti atawasikia ninyi pia.

Kwaherini, mbaki na amani.