UKINGO WA NGOZI USIACHWE UCHI
(Maneno ya kikundi cha makubazi kwenye mkutano wa ushirika)



Mnakumbuka msimu uliopita makubazi yetu yalirudishwa. Tuliyauza Ruangwa wakati wa korosho, mvua zikaanza, na mwezi haujaisha soli zikaachama kama mdomo wa mamba. Wengine tukamlaumu aliyetuuzia ngozi. Hapana ndugu, kosa letu. Tulikata, tukashona, tukauza. Ukingo tuliuacha uchi, maji yakapenya hapo hapo.

Sasa tunafanya hivi. Tabaka mbili zikishashikana kwa gundi, tunashona kwa uzi uliopakwa nta, matundu yakae kama milimita 4 toka ukingoni. Yakisogea zaidi ngozi inachanika. Kisha msasa, mpaka tabaka zionekane moja. Halafu ndiyo kazi yenyewe: lowesha ukingo kidogo tu, si kuloweka kama muhogo, usugue kwa kijiti laini cha mpingo mpaka upate joto na kung'aa. Nyuzi za ngozi hulala zikashikamana. Mwisho paka nta ya nyuki, sugua tena kwa kitambaa. Warina asali wa Nachingwea, hiyo nta msitupe, tunaihitaji!

Lakini angalieni: hayo ni kwa ngozi iliyotengenezwa kwa magome. Ile ya kiwandani ya kromu, ambayo mara nyingi ukiikata ndani ni kijivu, haing'ai hata ukeshe unasugua. Hiyo kunjeni ukingo, mshone.

Jozi za kwanza ziko ofisini, kando ya mzani. Njooni mzikunje, mzivute, mzimwagie maji.