Mnyororo kwenye Mlango wa Sukari

Mwenye duka mjini Kakamega hana haja ya kusoma mkataba wa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika. Anachojua ni kwamba pakiti ya sukari rafuni huenda imetoka kiwanda cha hapo Kabras, au imevukia Busia kutoka Uganda, na mteja huchukua iliyo rahisi. Mhadhara huu unaanzia kwenye rafu hiyo.

Mwaka 2000 majirani wawili walishika njia tofauti. Septemba Tanzania ilijitoa COMESA; Oktoba Kenya ikaingia katika eneo huru la biashara la umoja huohuo. Miongoni mwa hoja za Tanzania ilikuwa hofu ya kupoteza ushuru wa forodha. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Pale ambapo kodi ya mapato inawafikia watu wachache, mpakani ni mahali pepesi pa kukusanyia fedha: lori likisimama, limesimama.

Kenya ilibaki ndani, lakini mlango wa sukari ikautia mnyororo. Iliomba kinga ya muda, ili sukari ya COMESA iingie bila ushuru kwa kiasi kilichopimwa tu, huku viwanda vya nyumbani vikijirekebisha. Masharti yalikuwa wazi: viwanda vya serikali viuzwe, mkulima alipwe kwa sukari iliyomo ndani ya muwa badala ya uzito wake, na barabara za miwa zitengenezwe. Kinga ikaongezwa, ikaongezwa tena. Mwaka 2023 ikapata miaka 2 mingine. Mtoto aliyezaliwa siku ya ombi la kwanza alikuwa tayari ana kitambulisho.

Kwa nini isijitoe kabisa, kama wanavyodai baadhi ya wanasiasa wa ukanda wa miwa? Jibu liko ng'ambo ya pili tu, Nandi, kwenye majani chai. Misri, mwanachama wa COMESA, ni mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya. Kuokoa muwa kwa kuhatarisha chai ni hesabu ambayo Kakamega inaweza kuipenda, ila nchi haiwezi kuilipia.

Mnyororo ulinunua muda. Muda ulitumiwaje? Kiwanda cha Mumias, kilichoanza kusaga mwaka 1973 na ambacho wakati mmoja kilitoa zaidi ya nusu ya sukari ya nchi, kiliingia soko la hisa la Nairobi mwaka 2001. Serikali ikaja kukimwagia mabilioni ya shilingi ya kukiokoa. Septemba 2019 kikawekwa chini ya mrasimu. Mnyororo ulikuwa bado mlangoni wakati huo. Aliyelindwa ndiye aliyeanguka.

Fedha za kuokoa kiwanda huzima moto wa madeni, na mara nyingi huishia hapo. Kinachomuumiza mkulima ni kitu kidogo zaidi. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza uzito na utamu, na kila siku trekta linapokwama kwenye tope la Matungu, hukohuko Kakamega, hasara ni yake, hata kama ushuru wa mpakani ni asilimia 100.

Tozo ya maendeleo ya sukari iliyoanzishwa mwaka 1992 ilikusudiwa kuinua kilimo cha miwa na barabara zake. Ikafutwa mwaka 2016. Sheria ya Sukari ya 2024 imeirudisha kwa asilimia 4, na sehemu 40 kati ya kila 100 zimetengwa kwa kilimo cha miwa, 15 kwa miundombinu. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka uleule ambao vijana waliingia barabarani hadi Mswada wa Fedha ukaondolewa, huku Hazina ya Kitaifa ikitaka kodi ipande kutoka takriban asilimia 13.5 ya pato la taifa hadi 20.

Watu wa magharibi mwa Kenya si wagumu wa kutoa. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilianza mwaka 1972 kama chuo cha WECO, kwa michango ya harambee, na waliochanga waliona kuta zikipanda. Mlipaji wa tozo mpya ataitafuta ile 15 msimu wa mvua, kwenye barabara za Malava na Matungu, trekta likiwa limesheheni.