Siku ya Kwanza ya Safari ya Maskuti

Tulipotoka Masisi kwa miguu pamoja na maskuti wetu, kuelekea misitu ya Walikale, tuliogopa milima. Kumbe tulishindwa na mizigo yetu wenyewe. Kabla ya kufika Nyabiondo, mtoto mdogo kuliko wote aliketi kando ya njia, akilia kwa haya. Tulifungua mfuko wake, tukakuta masufuria ya kikosi kizima. Sisi wakubwa ndio tuliomtwika. Tulimwomba radhi mbele ya wenzake, tukagawa mizigo upya.

Baden-Powell alipoanza uskuti mwaka 1907, aliwapanga vijana katika vikundi vidogo, kila mmoja apate wajibu wake. Katika yubile hii tujiulize: masufuria yetu tumemtwika nani?