Tembo Aliyeitwa Iringa

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma)



Nilipoombwa kuzungumza juu ya wanyama pori, huenda baadhi yenu mlitazamia niwapeleke Serengeti. Niwieni radhi, leo twende Toronto, Kanada. Katika bustani ya wanyama ya jiji hilo, iliyofunguliwa mwaka 1974, waliishi tembo watatu wa kike: Iringa, Toka na Thika. Majina mawili ni ya miji yetu ya Afrika Mashariki. Lile jingine, kwa sikio la Mswahili, ni amri kamili. Iringa hata hivyo hakuzaliwa Iringa. Yeye na Toka walizaliwa porini Msumbiji. Thika alizaliwa bustanini humo humo mwaka 1980.

Tembo ni mnyama wa kutembea. Porini hufuata majani na maji, nyuma ya bibi mkongwe anayeijua njia, na ardhi laini huzitunza nyayo zake. Mfungie mahali padogo, msimamishe juu ya sakafu ngumu majira yote ya theluji, na ugonjwa utaanzia miguuni: kucha huoza, viungo hukakamaa, na mnyama mwenye tani kadhaa hushindwa kuubeba mwili wake. Kati ya mwaka 2006 na 2009 tembo wanne walikufa katika bustani ile. Mwaka 2011 wakuu wake wakaamua kuacha kufuga tembo.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka, nao unatuhusu sana sisi tunaofanya kazi za umma. Wataalamu wa bustani walitaka wachague wenyewe mahali pa kuwapeleka. Madiwani, Oktoba 2011, wakawatangulia: wakapiga kura tembo waende kwenye kimbilio la PAWS huko San Andreas, California, penye ekari 2,300 za vilima na nyasi. Mwaka 2012 chama cha bustani za wanyama cha Marekani kikaiondolea bustani ya Toronto ithibati yake, kwa hoja kwamba wanasiasa wameingilia kazi ya utaalamu.

Tusiharakishe kuwacheka wataalamu hao. Walikuwa na hofu ya kifua kikuu, ugonjwa uliokuwa umewapata tembo wa Asia katika kimbilio lile, na mtunzaji anayeuliza habari za maradhi hafanyi ukaidi, anatimiza wajibu wake. Lakini mtaalamu naye huzoea banda lake hata akaliona kuwa ndiyo dunia. Kwa maoni yangu madiwani walifanya haki, ingawa ingefaa wasikilize kwanza ndipo wapige kura.

Iko hoja nyingine, nayo nimeisikia hata hapa kwetu: kwamba bustanini tembo huwa salama, hali porini anangojewa na jangili. Hoja hii si ya kupuuzwa na Mtanzania. Selous ilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 1976. Hesabu ya mwaka 2013 iliwakuta yapata 13,000 tu. Hata hivyo, uchunguzi uliotolewa katika jarida la Science mwaka 2008 ulilinganisha tembo wa bustani za Ulaya na wale wa Amboseli, Kenya. Jike wa Kiafrika aliyezaliwa bustanini aliishi kwa wastani miaka 16.9. Wa Amboseli, aliyekufa kifo cha kawaida, miaka 56. Na hata walipojumlishwa wale waliouawa na binadamu, wastani wa Amboseli ulikuwa bado karibu miaka 36. Kwa hiyo, katika hesabu ile, mkuki na risasi pamoja havikuufupisha umri wa tembo kama ulivyofupishwa na banda.

Walimu mtaniuliza: je, watoto wa mjini watajifunzia wapi? Nami nauliza, wanajifunza nini? Tembo aliyefungwa muda mrefu huyumbayumba mahali pamoja, kushoto na kulia, saa nzima. Mtoto hudhani anacheza ngoma. Ule ni ugonjwa wa kufungwa, na mwalimu asipomweleza hivyo, mtoto atarudi nyumbani na somo la uongo.

Kimbilio nalo si pori. Lina uzio na waganga, tembo hawarudi tena kwao, na kwa kawaida watazamaji hawaruhusiwi. Kinachopatikana ni nafasi ya kutembea na udongo chini ya miguu.

Oktoba 2013 wale watatu walipakiwa katika malori, wakasafirishwa zaidi ya kilomita 4,000 hadi California. Iringa alikwisha kuwa mzee, na ugonjwa wa miguu na viungo alikwenda nao. Alifariki Julai 2015, akiwa na umri wa miaka 46, baada ya kutembea juu ya nyasi kwa muda usiotimia miaka miwili.