Swali Lililokuwa Mlango

Somo: 2 Wafalme 5:20–27

Leo nataka tuzungumze juu ya udanganyifu katika masomo ya Chuo Kikuu. Labda mzee mmoja asema, "Mchungaji, hayo ni mambo ya wasomi, mimi niliishia darasa la saba." La, baba, usizime redio. Ng'ombe uliyemwuza kwa ajili ya karo yumo katika habari hii. Na ile harambee ya kanisani, akina mama walipoleta kuku na mayai yakanadiwa, nayo imo.

Hebu tumwangalie Gehazi, mtumishi wa Elisha. Naamani wa Shamu alikuwa ametakaswa ukoma wake, na nabii akakataa zawadi zake zote. Gehazi akaona mali inakwenda bure. Akalikimbilia gari, akasema kwamba ametumwa na bwana wake. Akapewa talanta mbili za fedha na mavazi mawili, akavificha nyumbani, kisha akaja kusimama mbele ya Elisha kana kwamba hakuna lililotukia.

Angalieni aliloliiba kwanza. Kabla ya kupata fedha aliiba jina. Aliweka katika kinywa cha bwana wake maneno ambayo bwana wake hakuyasema. Na udanganyifu wa masomo ndivyo ulivyo. Mwanafunzi anayeingia na karatasi ndogo kwenye soksi, zile ambazo vijana huziita mwakenya, au anayetoa insha iliyoandikwa na mwingine na kuweka jina lake juu, ametia sahihi ushahidi wa uongo. Kwa maana cheti ni shahidi. Chasema mbele ya watu ambao hawakuwamo katika chumba cha mtihani: huyu anajua kupima dawa, huyu anajua kujenga daraja. Mgonjwa aliyelala kitandani hawezi kumtahini mwuguzi wake. Anakiamini cheti.

Wala tusifikiri kwamba anayetenda kosa ni yule anayenunua peke yake. Wako vijana wetu hapa Kenya, wenye shahada zao, wanaokesha mbele ya kompyuta wakiwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa malipo. Mwaka 2019 magazeti ya huko ng'ambo yaliandika habari zao. Australia ilipitisha sheria ya kukataza biashara hiyo mwaka 2020, na Uingereza mwaka 2022. Siwadharau vijana hao. Kazi ni haba, kodi ya nyumba haingoji, na mama yuko nyumbani anatazamia kitu kidogo. Akili wanayoitumia ni yao kweli. Lakini insha ile ikifika mezani kwa mwalimu yasema, "Mwanafunzi huyu anajua," naye hajui. Tena tangu mwisho wa mwaka 2022 wengi wamezoea kuandikiwa na programu za kompyuta. Chombo ni kipya, lakini uongo ni ule ule wa Gehazi.

Sasa, mtu kama huyo atendewe nini? Wengine husema, "Afukuzwe!" Wengine husema, "Mwacheni, ni kijana tu." Mwangalieni Elisha. Alikuwa amekwisha kujua yote. Moyo wake ulikuwa umemfuata Gehazi njiani. Hata hivyo aliuliza kwanza. Alimwuliza anatoka wapi. Ndugu zangu, swali lile lilikuwa mlango. Kama Gehazi angesema, "Bwana wangu, nimekosa, fedha iko nyumbani," nani ajuaye? Lakini alijibu kwamba hakwenda mahali popote. Aliufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, na ukoma wa Naamani ukamshika.

Huko Marekani kiko chuo kiitwacho University of Virginia. Tangu mwaka 1842 wanafunzi wake wamekuwa wakitoa ahadi ya uaminifu katika mitihani, na kwa miaka mingi wanafunzi wenyewe ndio waliowahukumu wenzao. Aliyeonekana na hatia adhabu yake ilikuwa moja tu: kufukuzwa, asirudi. Hata hivyo, aliyekuja kukiri mwenyewe kabla hajashukiwa hakufukuzwa. Mwaka 2013 wanafunzi walipiga kura kuongeza mlango mwingine: aliyeshtakiwa, akikubali kosa kabla ya kesi, akae nje mihula miwili, kisha arudi masomoni. Na mwaka 2023 walipiga kura tena, pasiwe na adhabu moja tu kwa kila kosa.

Je, walilegea? Sidhani. Mihula miwili nje si mchezo; mzazi atauliza, jirani atauliza. Lakini pale ambapo kukiri na kukana vina mwisho mmoja, mwenye kosa atakana hadi siku ya mwisho, na rafiki yake aliyeona ataogopa kusema. Huruma isiyo na ukweli ni kumwachia mgonjwa ukoma wake. Nao ukweli usio na huruma humfundisha mtu kuficha fedha vizuri zaidi.

Kwa hiyo nina neno kwa watu watatu. Ewe mwanafunzi, usingoje kuulizwa. Nenda kwa mwalimu wako wiki hii, ukiwa ungali na miguu ya kwenda mwenyewe. Nawe uandikaye kwa malipo, iache kazi hiyo, utafute mkate mwingine, hata ukiwa mdogo.

Ewe mwalimu, uliza kabla ya kuhukumu. Mwite kando, usimwaibishe mbele ya darasa. Mpe nafasi ya kusema kweli, kisha fuata kanuni za chuo, na kipimo kiwe kimoja kwa mtoto wa mkubwa na kwa mtoto wa mjane. Na kama umewahi kupokea bahasha ili uongeze alama, basi swali la Elisha ni lako wewe kwanza.

Nanyi wazazi, hapa ndipo penye uchungu. Siku moja mwanao aweza kurudi nyumbani na sanduku lake, aseme, "Baba, nilidanganya, nimekiri, nimesimamishwa mwaka mzima." Utakumbuka ng'ombe. Utakumbuka harambee, na aibu ya kukaa kanisani Jumapili. Tafadhali, siku hiyo usimpige kwa maneno. Aliyekuja mlangoni pako ni mtoto asemaye kweli, naye ana thamani kuliko cheti kisemacho uongo. Mpokee. Kisha mpe jembe, afanye kazi mpaka muhula wake ufike, na mwende pamoja kumrudisha chuoni.

Na tuombe. Ee Mungu, wewe unayejua kabla hujatuuliza, utupe ujasiri wa kukujibu kweli. Uwasaidie vijana wetu wanaojaribiwa wakati huu wa mitihani. Uwape walimu haki na wazazi moyo mpana. Kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.