Ajira Zinaongezeka Chunya: Je, Ni Dalili ya Nafuu?

(Maneno yaliyotolewa katika kikao cha kamati za parokia na wafadhili, Chunya)



 Barabara ya kutoka Mbeya mjini siku hizi ni ya lami. Waliopita hapa zamani wanaikumbuka ile ya vumbi, hatuna haja ya kuisimulia.

Mbele yetu ipo hoja ya kusitisha mfuko wa chakula na sare za watoto wa shule. Hoja inasema hivi: Chunya kuna kazi. Karasha zinanguruma Matundasi na Makongolosi, mitambo ya kuchenjua marudio inatafuta vijana, nyumba za wageni zinatafuta wahudumu, na tangu mwaka 2019 dhahabu ina soko lake hapahapa mjini. Mahali panapoajiri pamepata nafuu, basi msaada uende kwingine. Aliyeitoa hoja hiyo hakuitoa kwa nia mbaya. Lakini tunaomba tuitazame vizuri kabla ya kupiga kura.

Ni kweli kwamba ajira ni kipimo cha uchumi. Nchini Marekani, baada ya mtikisiko wa mwaka 2008, ajira za muda zilianza kupanda katika miezi ya mwisho ya 2009, na ajira kwa jumla zikafuata mwaka 2010. Mwajiri mwenye hofu huanza na kibarua, na akiona mambo yanakwenda ndipo humpa mtu mkataba. Kwa sababu hiyo wataalamu huwatazama vibarua kama mkulima anavyotazama mawingu ya kwanza. Tatizo ni kwamba katika machimbo yetu kibarua hafuatwi na mkataba. Kibarua ndiyo ajira yenyewe.

Tena dhahabu ina tabia yake: bei yake hupanda dunia inapougua. Mdororo ulioanza mwaka 1929 uliangusha bei ya mkonge na kahawa, na mashamba yakapunguza watu. Mwaka 1931 Uingereza ikaacha kuifunga fedha yake na dhahabu, na bei ya dhahabu ikapanda. Watu wakamiminika Lupa, walowezi waliofilisika na vibarua waliokosa kazi mashambani. Mtu aliyehesabu ajira za Lupa peke yake miaka ile angeweza kudhani Tanganyika yote imeneemeka! Baadaye mgodi wa New Saza, uliokuwa miongoni mwa mikubwa nchini, ukafungwa mwaka 1956. Hali kadhalika Agosti 2020, dunia ikiwa katikati ya UVIKO-19, bei ilivuka dola 2,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza, na Oktoba 2025 ikavuka dola 4,000. Kwa hiyo kijana anayeshuka kwenye basi kutoka Rukwa au Iringa huenda amevutwa na dhahabu, na huenda amesukumwa na mahindi yaliyokosa bei. Kwa kumwona tu kazini hatuwezi kujua.

Tukija kwenye malipo, ndipo hasa penye shida. Katika maduara mengi ya wachimbaji wadogo hakuna mshahara. Yupo mwenye leseni, yupo mwenye duara, na wapo wachimbaji. Mawe yakitoka hugawanywa kwa viroba, na kwa kawaida gharama hutolewa kwanza. Mawe yasipokuwa na kitu, mchimbaji amekula chakula cha kambi, basi. Chakula hicho hawezi kumtumia mama watoto. Ndiyo maana mtoto ambaye baba yake "ana kazi" anafika darasani hajala, na mwalimu akimuuliza anajibu kwamba baba yuko machimboni. Na udongo ukiporomoka? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, huchangiwa na mwajiri. Pasipo mwajiri anayejulikana, hakuna aliyechangia.

Kwa wakulima wa tumbaku, kule Lupa Tingatinga na Mtanila, kibarua wa msimu naye mara nyingi husubiri hadi tumbaku iuzwe na chama cha msingi kilipwe.

Zipo pia ajira ambazo kwetu sisi huacha pengo. Katikati ya miaka ya 2000 Serikali ilipoongeza ajira na mishahara ya afya, hospitali nyingi za makanisa nchini zilipoteza wauguzi. Hatuwalaumu, kila mtu ana watoto. Tunataka tu mkumbuke hilo mnaposoma kwamba nafasi mpya zimetangazwa.

Kwa mantiki hiyo tunapendekeza mfuko uendelee, ila orodha ya watoto ipitiwe upya. Wapo wazazi wenye hati ya mshahara ya kila mwezi, kama wale walioajiriwa kwa mkataba katika migodi mikubwa au maofisini. Hao watoto wao waondolewe kwenye orodha bila aibu na bila maneno. Kwa wengine, kamati ziulize ndani ya jumuiya ndogo ndogo: Nani analipwa kila mwezi? Nani yuko kwa mwajiri yuleyule tangu mwaka jana? Nani ana namba ya NSSF, na je, michango inaingia kweli? Swali hili la mwisho lina uzito, maana mchango ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri na mfanyakazi wakigawana, na mwajiri asiye na uhakika wa kesho hukwepa hapo kwanza. Majibu hayo yakianza kuwa mazuri, sisi wenyewe tutakuwa wa kwanza kuleta hoja ya kufunga mfuko.

Maswali hayo yaanze kwa waajiriwa wetu: mlinzi wa parokia, mpishi, mwalimu wa chekechea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuliacha Kanisa nje.

Katibu atagawa karatasi za maswali baada ya chakula cha mchana. Zirudi ofisini kabla ya mwisho wa Juni, ili orodha mpya iwe tayari shule zinapofunguliwa Julai.